Wikendi ya Likoni na mume niliyekuwa nimeshaamua kumwacha

Wakuu, wakubwa kwa wadogo, hamjambo humu ndani. Mimi ni mkongwe wa miaka tisini na kitu, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe. Nitakayoyasema ni kweli tupu. Umri huu nikidanganya nitapata faida gani?

Nimeusoma uzi wa juzi wa yule mwenzetu aliyekwenda kupumzika wikendi kwenye ufuo mtulivu huko Afrika Magharibi. Picha nzuri, mashaallah. Zimenikumbusha wikendi yangu ya ufuoni, moja tu, ambayo hakuna aliyeipiga picha.

Ilikuwa miaka ile vita vya Hitla vimekwisha lakini mchele bado tunapimiwa. Tulikaa Changamwe, chumba kimoja. Mume wangu (nitamwita mzee wangu, ingawa wakati huo hakuwa na hata mvi moja) alibeba magunia bandarini Kilindini. Sote tulitoka Rabai, watoto wa Kikristo, tukaoana kanisani.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mzima. Akaishi siku tatu.

Sasa nisikilizeni. Kwetu wakati huo mtoto hakupewa jina mpaka kitovu kidondoke, na asiye na jina hakuwekewa matanga. Wanawake wakaniambia ninyamaze, nitapata mwingine. Nikanyamaza.

Mzee wangu naye akarudi kazini siku ya pili yake. Jioni anakula, analala. Hakumtaja mtoto hata mara moja.

Nilimchukia, wakuu. Niliona nimeolewa na gogo. Nikaamua moyoni kwamba Jumatatu, akishatoka tu kwenda kazini, nafunga nguo zangu narudi kwa mama na hanioni tena.

Kumbe Jumamosi mchana akaja na maneno mapya. Rafiki yake wa kazini, Mdigo wa Likoni, amesema twende tukapumzike kwa mamake mpaka Jumatatu. Nikakubali. Nilisema moyoni basi, na iwe safari ya kuagana, ila yeye hajui.

Tukavuka kwa feri, tukatembea mpaka kwa Bi Mwanamisi, mjane mwenye minazi yake karibu na bahari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, hapa mko kwenu. Hamuulizwi neno."

Na kweli hakuuliza. Alitupa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikala mpaka nikajishangaa. (Nyinyi wa siku hizi mnalipia hoteli kwa utulivu kama ule, sisi tulipewa bure.)

Jumapili tukateremka ufuoni. Hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yamekupwa, yamekwenda mbali kabisa, mchanga wote uko wazi. Bi Mwanamisi alikuwa ametuonya: "Leo ni bamvua, maji yakirudi yaja juu sana. Kaeni huku kwenye minazi. Mchanga ule wa chini ni wa bahari, si wenu."

Tukaitika "haya, mama", kisha tukaenda kutandika mkeka kule kule chini, kwenye mchanga laini. Mtu wa Rabai mwulize mnazi, mwulize muhogo. Bahari usimwulize.

Tukalala. Tangu mtoto aondoke sikuwa nimepata usingizi kama ule.

Nikaamshwa na baridi ya miguu. Maji yameshafika kwenye mkeka, na kikapu changu kinaelea, kinakwenda zake.

Ndani ya kikapu kile, chini ya muhogo wa kuchemsha, nilikuwa nimeficha kishati cha mtoto nilichokishona mwenyewe kwa kitambaa cha merikani. Nilikwenda nacho kila mahali na hakuna niliyemwambia. Nikapiga ukelele. Sikusema ni cha nini.

Mzee wangu hakujua kuogelea. Akaingia na suruali yake ya kanisani. Maji yakafika kiunoni, kifuani, shingoni. Hapo nikasahau kishati, nikawa namwita yeye arudi.

Akakishika kikapu. Muhogo wote akaumwaga baharini, akachakura, akatoka na kishati amekiinua juu ya kichwa.

"Ulijua kimo humo?" nikamuuliza.

"Nilijua tangu siku ulipokificha. Ukienda kuteka maji, mimi hukitoa nikakitazama."

"Na mbona husemi kitu?"

Akakaa mchangani. "Wazee walinionya. Walisema nikilia mbele yako nitakuzidishia. Basi mimi hulilia ghalani, nyuma ya magunia. Dama mke wangu, na jina mtoto nimempa. Nimempa peke yangu bila kuuliza mtu. Usinikasirikie."

Akalitaja. Lilikuwa la babake yeye, babu wa mtoto, kama ilivyopasa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Kisha akalia mbele yangu, nami nikalia kwa sauti yangu yote. Ndiyo yalikuwa matanga yetu, ya watu wawili, na hapakuwa na wa kutunyamazisha.

Bi Mwanamisi alipotuona tumelowa chapachapa alicheka mpaka akashika mlango. Akampa mzee wangu kanga ya maua avae. Mwanamume mzima! Nami nikacheka.

Jumatatu alfajiri tukavuka. Yeye akaenda bandarini, mimi nikarudi Changamwe, nikawasha moto nikapika. Tukaishi pamoja zaidi ya miaka hamsini, tukapata wengine watano. Mpaka anafariki sikumwambia kwamba wikendi ile nilikwenda kumuaga.

Funzo langu ni dogo. Mtu akinyamaza nyumbani mwako, usimhukumu kabla hujamuuliza. Mimi nilibakiza siku moja tu nimpoteze mtu mwema.

Uwanja ni wenu. Pole msinipe, ni zamani. Lakini kama nawe una mtoto aliyeondoka kabla hajaitwa, andika hapa chini jina ulilokuwa umpe. Nitayasoma yote, moja moja, kwa sauti.

Natangulia mimi: Tsuma.