Mimi na Mama Mkwe Hadi Mwene-Ditu, Sufuria Katikati

Niliondoka Kolwezi, mkoani Katanga, kwa sababu niliambiwa nirudi kwetu. Nilizaliwa Kolwezi, kambini, katika nyumba ya kampuni ya shaba, na huko "kwetu" nilikujua kwa nyimbo za marehemu mama tu. Baba ndiye aliyetoka Kasai, akaletwa kuchimba. Mimi nilikuwa fundi umeme, naamshwa na king'ora cha kampuni, nakula unga wa kampuni. Kisha mgodi ukaporomoka, mishahara ikakatika, watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, na vijana wakapita mitaani wakiimba kwamba Wakasai warudi kwao. Baadhi yao niliwajua tangu walipokuwa wakivaa kaptura. Nilisimama mlangoni nikijiuliza wanamwimbia nani. Ilinichukua muda kukubali kwamba ni mimi.

Stesheni ya Kolwezi, wiki ya tatu. Familia nyingi zilikuwa zimetandika mikeka kando ya reli zikisubiri treni. Treni ya kwanza ilichukua akina mama wenye watoto wadogo, na mke wangu Mbuyi akaondoka na watoto wetu wawili. Mama yake, Mama Ntumba, ilikuwa apande nao. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekwenda makaburini kumuaga mumewe, na aliporudi alikuta reli tupu. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Msomaji asiyetujua anielewe. Kwa mila yetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja wala hawasemezani ana kwa ana. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kuuona vizuri uso wa Mama Ntumba. Akiingia sebuleni, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Marehemu baba mkwe alikuwa mkali wa mila, na alipofariki mjane wake akazishika maradufu. Sasa watu wawili wasiotakiwa kukaa chumba kimoja tulikuwa na mkeka mmoja na sufuria moja.

Siku ya kwanza tulikaa tumepeana migongo, kimya. Siku ya pili nikamsikia akizungumza, na haikuwa nami.

"E sufuria," alisema, "ambia bwana ya Mbuyi maji inaisha."

Nikafikiri kidogo. "Sufuria," nikasema, "ambia mama naenda kuteka."

Tangu hapo sufuria ile ikawa tarishi wetu. Majirani walicheka, na mimi nilicheka nao, maana sikuwa na jingine la kuchekea. Moyoni nilikuwa na jambo moja tu: nimfikishe mama huyu kwa binti yake, mzima. Mbuyi alikuwa amenipungia mkono dirishani akipaza sauti, akiniita baba kwa lugha yetu, "Tata, mama! Usisahau mama!" kama kwamba ni mzigo ninaoweza kuuacha kwenye benchi.

Asubuhi ya Jumanne tulipakiwa katika behewa la mizigo, tumebanana hata pa kunyoosha mguu hapakuwepo. Nikahakikisha sufuria iko katikati na mgongo wangu uko upande wake. Nilijiona mkwe mwenye adabu kuliko wote waliowahi kupanda treni.

Tenke, siku mbili. Treni ilisimama na hakuna aliyejua kwa nini. Nilishuka kuteka maji, nikarudi, nikaweka bakuli kando ya sufuria bila kugeuka. "E sufuria, ambia bwana ya Mbuyi aksanti." Ndivyo ilivyokuwa siku ya kwanza. Siku ya pili sufuria haikuambiwa kitu. Nikadhani mama amechoka, au amekasirika, au anamwombea mumewe. Tulipoondoka Tenke alikuwa bado kimya, na mimi nikaheshimu kimya chake.

Kabla ya Kamina, mchana, mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki aliyekaa mkabala nasi alinipiga begani.

"Tata, weye uko na maso? Mama yako anakufa!"

Nikatoa jibu la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kutoa: "Haiko mama yangu. Ni mama mukwe."

"Na homa inajua ni mukwe? Mwangalie!"

"Mi simwangalie. Ni mila."

"Basi utazika mila yako ku Kamina," akasema, akageuza uso.

Nikageuka. Midomo ya Mama Ntumba ilikuwa imepasuka, jasho limelowanisha kitambaa cha kichwa, na maji niliyoleta mara ya mwisho yalikuwa palepale bakulini. Mkono wake haukuwa na nguvu ya kuyainua, na aliyepaswa kuona hivyo alikuwa amempa mgongo, kwa heshima. Kitu kingine kilinishtua: alikuwa na macho ya mke wangu. Miaka kumi na mmoja, na sikujua! Alijaribu kuvuta kitenge ajifunike uso, vidole vikashindwa. Niliona aibu ambayo bado sijui jina lake, maana sikujua kama naona aibu kwa kumtazama au kwa kutomtazama.

Kamina, saa tisa. Walituambia kuna zahanati ya masista upande wa pili wa mji. Hakukuwa na machela. Nikachuchumaa, yule mchuuzi wa samaki akamwinua Mama Ntumba akamweka mgongoni mwangu, na nikaanza kutembea. Alikuwa mwepesi mno. Hata katika homa ile alijitahidi kuweka kifua chake mbali na mgongo wangu, kisha akachoka, kichwa kikanilalia begani. Njia nzima nilijiambia: mama wa mke wangu yuko shingoni kwangu, mababu wanaona, treni itaondoka, na nikimweka chini atakufa. Mawazo hayo yalizunguka, hakuna lililoshinda, na miguu ikaendelea tu.

Karibu na lango la zahanati nikasikia sauti sikioni.

"Sufuria iko wapi?"

"Iko mu treni, mama."

"Basi tunaongea na nani?"

"Siyue, mama."

Nikasikia mgongo wangu ukitikisika. Alikuwa anacheka, au analia. Sikuthubutu kugeuza shingo. Masista walimpa dawa na maji ya chumvi na sukari. Treni, ambayo haikuwahi kuwa na haraka na mtu, ilitungoja hadi kesho yake alasiri kwa sababu ya ubovu wa injini.

Mwene-Ditu. Mbuyi alikuwa stesheni na watoto, akamkumbatia mama yake, akalia, kisha akanikumbatia mimi. Nilidhani mateso yamekwisha. Lakini mjomba wake alipopata habari kwamba nilimbeba mama mkwe mgongoni, alikuna kidevu akasema, "Ulifanya muzuri. Lakini ni haya. Utaleta mbuzi, haya itoke." Nikamuuliza ningefanyaje. Akasema vilevile nilivyofanya, kisha mbuzi. Na Mama Ntumba? Nilipomsogelea kumsalimu alizunguka nyuma ya nyumba. Kesho yake nikasikia uani: "E sufuria, ambia bwana ya Mbuyi shamba inamungoja." Niliumia, siwezi kuficha. Kumbe Kamina ilikuwa ndoto?

Huko Kasai watoto wa mtaa walituita watu wa Katanga. Kolwezi tulikuwa Wakasai, Kasai tukawa Wakatanga, na hakuna king'ora, hakuna unga wa mwisho wa mwezi. Nilikuwa baba wa familia nisiyejua hata mhindi unapandwa mwezi gani. Nilishika jembe, viganja vikachubuka siku ya kwanza. Mama Ntumba alikuwa akilima upande wa pili wa shamba, amenipa mgongo, sufuria ya chakula imewekwa katikati yetu.

"E sufuria, ambia ule bwana jembe haiko turnevisi."

Kweli, nilikuwa nalishika kama bisibisi. Nikalegeza mkono. Ndivyo nilivyofundishwa kilimo, neno kwa neno, na chombo cha kupikia ugali. Msimu wa kwanza nilivuna aibu. Wa pili tulikula. Wa tatu niliuza magunia nikanunua mbuzi, nikampeleka kwa mjomba, akachinjwa, na wazee wakasema haya imetoka. Kesho yake Mama Ntumba akaniagiza kuni kupitia sufuria kama kawaida. Sijui mbuzi yule alikufa kwa ajili gani.

Mwaka wa tano habari zikaja kwamba Kolwezi kumetulia, na wengine wamesharudi. Mama Ntumba akaiambia sufuria kwamba anataka kupalilia kaburi la mumewe. Tukarudi wote, safari hii kwenye viti.

Kolwezi, Jumamosi. Nyumba yetu ya kampuni ilikuwa na watu tusiowajua. Tulipokelewa na jirani wa zamani, Tata Kalenga, mtu wa kaskazini ya Katanga, yuleyule aliyefunga mlango wake siku tunaondoka. Aliuweka wazi wote.

"Siku ile," alisema, "mi niliogopa. Siyue juu ya nini."

"Hata mi siyue," nikamjibu. Mama Kalenga akaleta bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, tukala.

Watu huniuliza safari ile ilinifundisha nini. Nimejifunza kulima. Nimejifunza kwamba unaweza kumheshimu mtu hadi akakaribia kufa nyuma ya mgongo wako. Mengine bado yananichanganya, na nani alikuwa mgeni wapi ndilo kubwa lao.

Jumapili, baada ya misa, nilimsindikiza Mama Ntumba kwenye kaburi la mumewe. Sufuria aliiacha kwa Kalenga. Nilisimama mbali kidogo, nikampa mgongo kama nilivyolelewa, nikasikiliza jembe lake likikwangua majani. Kisha likanyamaza.

"Mutoto yangu."

Nikatazama huku na huku nimwone anayeitwa. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mutoto yangu, geuka," alisema. "Baba yako akuone."

Nikageuka.