Siku Skilang Alipouacha Usukani

Pale gatini Oreor, visiwani Palau, watu walimjua Skilang kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa nahodha wa boti ya wazamiaji, mama wa makamo mwenye mabega mapana na kofia ya ukindu iliyokwisha pauka kwa jua. Akitaka kamba irushwe, ilirushwa, hata kama aliyeishika alikuwa mwenye boti mwenyewe.

Kazi ile ilikuwa ya mumewe. Rengulbai aliendesha boti miaka na miaka, hadi alipopanda mpopoo kuangua popoo za kutafuna, mguu ukateleza, akaja chini na kuvunjika nyonga. Mwenye boti alikuja kumjulia hali. Alikaa, akakohoa, akauliza kwa haya ni nani atakayewapeleka wageni kesho. Skilang alikuwa pembeni anamenya magimbi.

"Mimi," akasema, kisu kikiendelea na kazi yake.

Mwenye boti alidhani ni utani. Kwetu Palau mwanamke shamba lake ni la magimbi, matope hadi mapajani, na bahari wameachiwa wanaume. Lakini Skilang alilelewa na kaka watupu, na kaka hao walipochoka kuvua walimwachia usukani, wao wakalala. Kesho yake aliitia boti majini, akawapeleka wageni, akawarudisha wote. Rengulbai alipopona aligundua kwamba kukaa nyumbani na kupika supu ya samaki kunamfaa sana, na habari ya nani arudi kazini haikuzungumzwa tena.

Kuzamia kwa huku kunafuata mkondo. Unawashusha watu upande mmoja wa ukuta wa matumbawe, mkondo unawabeba, wao hawana haja ya kupiga miguu, na wewe juu unafuata mapovu yao hadi watakapoibuka. Skilang aliyafuata mapovu kama mama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea, si karibu sana, si mbali. Wageni walipanda botini wakitiririka maji, nyuso zimewaka kama wametoka harusini, wote wanasema kwa wakati mmoja: papa, kasa, samaki mkubwa mwenye nundu kipajini. Yeye anaitikia, "Ehee! Kweli? Ehee!" huku akiwamiminia chai.

Mwenyewe hakuwahi kushuka hata mara moja.

Akiulizwa, alisema lazima mtu abaki na boti. Maneno hayo yalikuwa kweli, ila hayakuwa kweli yote. Pale Ngemelis, kwenye ukuta wanakozamia wageni, matumbawe yanakuja hadi karibu na uso wa maji, meupe na ya kijani, unaweza kusimama maji yakakufika magotini. Hatua moja mbele, hakuna chini. Maji yanageuka buluu nzito, halafu meusi. Alipokuwa mdogo baba yake alipitisha boti juu ya ukingo ule, naye akachungulia, akatapika juu ya samaki wa siku nzima. Kaka zake walimcheka mwaka mzima. Tangu hapo, kila boti ilipovuka ukingo, Skilang alitazama mbele tu.

Aliyemtoa kwenye maficho hayo alikuwa Haruko, bibi wa Kijapani aliyekuwa akija kila mwaka, mwembamba kama ufito, mwenye umri wa kuitwa bibi na watu walio na wajukuu wao wenyewe. Walielewana vizuri. Skilang alijifunza Kijapani kwa bibi yake mzaa mama, aliyesomeshwa enzi Wajapani walipotawala Palau, kwa hiyo alikizungumza kwa lafudhi ya kizee iliyomchekesha Haruko.

Siku hiyo Haruko alikuwa anasimulia alichokiona ukutani. Katikati ya hadithi akajikatiza.

"Nakueleza nini?" akasema. "Wewe unapajua kuliko mimi."

"Sipajui."

"Hupajui vipi?"

"Sijawahi kushuka, bibi."

Haruko aliweka kikombe chini. "Miaka yote hii nakusimulia, wewe unaitikia ehee, ehee, nikadhani unalinganisha na ulivyoona wewe! Mimi nina magoti mabovu, nina macho mabovu, na kesho nashuka. Wewe una nini?"

Temengil, mdogo wake Rengulbai, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni chini ya maji. Alikuwa anafungua mitungi ya hewa, na shemeji hawezi kupitwa na nafasi kama ile.

"Mtungi upo, shemeji," akasema. "Tatizo ni suti. Itabidi tushone mbili pamoja."

"Anza kujishonea wewe na hicho kitambi. Ndiyo maana samaki wanakukimbia."

"Wanakimbia kwa sababu wamesikia unakuja."

Skilang alicheka na wenzake. Boti ilipofungwa alimvuta Temengil kando.

"Utanifundisha lini?"

Temengil alimtazama usoni, akaona si mzaha, na yeye akaacha mzaha. Kwa muda mfupi.

Mafunzo yalikuwa kwenye maji mafupi nyuma ya gati, na habari zilienea. Ulang, wifi yake, alikuja na kiti cha plastiki na kikapu cha tambuu, akajipanga kama aliyekata tiketi. Jambo la kwanza lililotokea ni kwamba Skilang alikataa kuzama. Alivaa koti la hewa, akabeba mtungi, akauma mdomo wa kupumulia, akatoa hewa yote kama alivyoelekezwa, na bado alibaki juu, mgongo nje, miguu ikichapa maji.

"Wifi!" Ulang alipaza sauti. "Unaogelea au unafua?"

Skilang aliinua kichwa. "Njoo wewe uzame tukuone!"

"Nije nifanye nini? Mafuta hayazami, wifi yangu, hilo hata mimi najua!"

Temengil alimwongezea vyuma vya uzito kiunoni. Safari hii alishuka, taratibu, akapiga magoti mchangani. Alipumua. Sauti ya pumzi yake ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Akapumua tena. Hakuna kilichotokea. Alikuwa amengoja kitu kibaya kije, na badala yake alikuja samaki mdogo wa mistari akamtazama gotini, akaondoka. Alijifunza kutoa maji kwenye miwani, kurudisha mdomo wa kupumulia uliotoka, kulisawazisha koti. Siku zilizofuata Ulang aliendelea kuja, lakini kelele zilipungua, na mara moja Skilang alimkuta amepiga magoti ukingoni mwa gati, anachungulia.

Siku ya kwenda Ngemelis ilibidi Rengulbai arudi kwenye usukani. Skilang alimwelekeza tangu gatini hadi kwenye mwamba: mashine ya kushoto inakohoa ikipoa, usikae juu ya mapovu, usikae mbali na mapovu, na tambuu uteme upande usio na watu.

"Mke wangu," Rengulbai akasema, "boti hii niliiendesha kabla wewe hujajua breki yake iko wapi."

"Boti haina breki."

"Si unaona? Hukujua."

Walishuka juu ya matumbawe, yeye, Temengil na Haruko. Pale pale alipotapikia samaki wa baba yake alisimama maji ya magotini, amemshika Temengil mkono hadi vidole vya shemeji vikawa vyeupe. Haruko alikwisha tangulia. Alipiga hatua mbele kama mtu anayeshuka kibarazani kwake. Skilang akauma mdomo wa kupumulia, akafumba macho, akapiga hatua.

Alipofumbua, ukuta ulikuwa mbele yake, umesimama wima, umevaa kila rangi aliyowahi kusimuliwa na nyingine ambazo hakuna aliyeweza kuzisimulia. Matumbawe ya umbo la upepeo, makubwa kuliko mlango, yalikuwa yakiyumba kidogo. Kasa alikuwa anakula, na hakukatisha chakula kwa ajili yao. Ndipo akahisi mkondo umemchukua. Hakupiga mguu. Ukuta ulianza kupita wenyewe, kama mji unavyompita mtu aliyeketi dirishani mwa basi. Kando yake Haruko alikuwa amekunja mikono kifuani, ametulia kama anayengoja zamu kwa daktari.

Kisha, kwa kuwa alijua asipofanya hivyo atajilaumu, akatazama chini.

Hapakuwa na weusi. Weusi ule ulionekana kutoka juu tu. Ukiwa ndani, ilikuwa buluu, na chini ya buluu buluu nyingine, na miale ya jua imepenya humo kama nyuzi. Akatandaza mikono. Wageni walipomwambia kuzamia ni kama kuruka angani, alidhani ni maneno ya watu wenye furaha.

Kwenye kona ya ukuta mkondo ulikuwa mkali. Temengil alimfungia kotini kamba yenye kulabu, akaikwamisha kulabu kwenye tumbawe lililokufa, kamba ikakazika, na Skilang akasimama ndani ya maji kama tiara. Mbele yao papa walikuwa wamejipanga dhidi ya mkondo, hawasogei, na nyuma ya papa kundi la kolekole lililoziba nuru. Skilang alicheka. Maji yakamwingia mdomoni, akakohoa, akayatoa kama alivyofundishwa, akacheka tena.

Halafu samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wakageuza vichwa. Kamba yake ikalegea. Mkondo ulikuwa umegeuka, mapema kuliko ilivyotazamiwa. Temengil akafanya ishara: fungua, tunaondoka. Mkondo mpya uliwabeba upande waliotoka, kisha ukawatoa nje, mbali na ukuta. Wakapanda taratibu, wakasimama kidogo karibu na uso wa maji ili hewa iliyojaa damuni itoke taratibu, wakaibuka.

Boti haikuwepo.

Kulikuwa na mawimbi tu. Likiwainua wimbi waliona kisiwa, likiwashusha wakaona maji. Temengil alijaza hewa boya refu la rangi ya machungwa na kulisimamisha.

"Rengulbai!" Skilang akaita kwa ile sauti ya kurushisha kamba.

"Shemeji, hawezi kukusikia. Mashine zinaunguruma."

"Amekwenda upande wa kona! Anatungoja kule, anatafuna tambuu lake! Nilimwambia!"

"Bi Skilang," Haruko akauliza, amelala chali juu ya maji, "leo chakula ni nini?"

"Magimbi. Na samaki wa nazi."

"Vizuri."

Skilang akawakumbuka wageni wake. Mara ngapi aliwaokota watu mahali kama hapa, wakapanda ngazi macho yamewatoka, naye akasema moyoni, waoga hawa, nilikuwa nawaona muda wote! Aliwaona, ndiyo. Wao walijuaje?

Wimbi likawainua, na mbali kabisa akaona kitu kidogo, na juu ya kitu hicho kitu kinapepea. Rengulbai alikuwa amepanda juu ya kiti cha usukani, amevua shati, analipunga kwa mikono miwili, na kitambi chake chote hadharani. Bado alikuwa mbali, lakini moyo wa Skilang ulishuka mahali pake pale pale.

"Mbona umechelewa?" alifoka alipoishika ngazi.

"Nimeona mawimbi yamegeuka kule konani, nikajua mmerudishwa. Nikaja."

"Na shati?"

"Nilijua ungeniua kama usingeniona."

Alimshika mkono kumvuta ndani, nyonga ikamkumbusha ilipovunjika, wakaanguka wote wawili sakafuni mwa boti, mtungi na vyuma na vyote. Temengil alicheka hadi akameza maji ya chumvi.

Jioni ile walikula uani, Ulang naye kwenye kiti chake cha plastiki, jua bado lipo. Skilang alisimulia. Alisimulia kasa, akarudi kwenye kolekole, akasahau kasa alikuwa amefikia wapi, akamwanza upya. Rengulbai aliitikia "Ehee! Kweli?" huku akigawa magimbi, na Haruko akatikisa kichwa kila alipotajwa papa.

Skilang hakuacha kazi yake. Ila siku moja moja mumewe anashika usukani naye anashuka. Na tangu siku ile, wageni wakiibuka mbali, yeye hawasogelei kimya kimya tena. Anapanda juu ya kiti, anafungua kitenge chake cha maua mekundu, anakipunga hewani mpaka awaone wanapunga nao.

Ulang alikuwa wa mwisho kuondoka uani jioni ile. Alimaliza samaki wake, akakunja kiti chake, akafika hadi barabarani, akarudi.

"Wifi," akasema, akitazama kando. "Hivi zile suti, huwa zinavutika?"