Sauti Katikati ya Wimbo

Deki yangu ya kaseti ni nzito kama ndama, na katika Garissa nzima sijui nyingine inayozunguka sawasawa. Nikisema Garissa nzima nimejizuia sana, maana mbele za wateja husema kuanzia hapa hadi mpaka wa Ethiopia. Inakaa juu ya meza ya duka langu la ushonaji, kando ya cherehani, na kipande cha kitambaa cha buibui kimeifunika isijae vumbi. Ilikuwa ya marehemu baba yangu, dereva wa lori la mbuzi, aliyenirithisha hiyo deki, kikohozi, na mapenzi ya rumba ya miaka ya themanini.

Kundi letu la simu lilianza na watu watatu: mimi, jirani yangu fundi wa redio, na mwalimu mmoja mstaafu wa Bura. Huyo mwalimu ndiye aliyenifundisha darasa la jioni, nilipojifunza kuandika insha nikiwa tayari na ndevu na watoto wawili. Sasa tumekuwa wengi, wengine wako Takaba, wengine Banissa. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tunafungua muongo mmoja. Wiki hii ni sabini, wiki ijayo themanini, kisha tisini, na kila mtu anatupia wimbo anaoupenda na kusema aliusikia wapi mara ya kwanza. Yuko mwanachama mmoja anayesikiliza kwa vifaa vya masikioni tu, kwa sababu shemeji yake anafundisha Kurani katika duksi, yaani madrasa, na gitaa kwake ni kuni za jehanamu. Lakini hajawahi kukosa Ijumaa hata moja.

"Themanini yenu ni kinanda cha betri," mwalimu hutuambia. "Sabini ndiyo watu waliimba."

"Waliimba, mwalimu, lakini walichoka," fundi wa redio humjibu. "Wimbo wa dakika kumi na mbili! Mpaka uishe, yule msichana anayeimbiwa ameshaolewa na ana wajukuu."

Kazi yangu katika kundi ilikuwa kuhamisha. Watu walinitumia kaseti zao kwa madereva, zimefungwa kwa leso, kwa soksi, moja ilikuja ndani ya kibuyu. Mimi nazicheza, narekodi kwa simu, nasafisha, natupia. Kusafisha ni amri ya mwalimu: hapana kelele katikati ya wimbo. Na kaseti za huku zina kelele nyingi, kwa sababu zamani barua ya watu wa huku ilikuwa kaseti. Msomali aliyekuwa na ndugu mbali hakuandika, alizungumza. Alichukua kaseti ya nyimbo, akaacha wimbo uanze kama mtu anayebisha hodi, kisha akabonyeza kitufe akaongea juu yake: salamu, mvua, mifugo, nani amezaa, nani amezikwa. Akinyamaza, wimbo unaendelea ulipofikia. Aliyepokea alisikiliza pamoja na jamaa wote, halafu akarekodi jibu pale pale juu ya maneno aliyoletewa, na kaseti ile ile ikarudi. Iliweza kwenda na kurudi miaka, kila barua ikifuta nyingine.

Kwa hiyo karibu kila kaseti ya zamani ina makombo ya barua ya mtu usiyemjua. Mimi niliyakata. Nilikuwa fundi wa kukata na kuunganisha hata kabla ya simu, na nilijisifu kwamba hata malaika aandikaye hangegundua mahali nilipopitisha mkasi.

Kaseti ya eeddo ilikuja siku ya Alhamisi. Eeddo ni shangazi kwa Kisomali, na kundi zima tulimwita hivyo, mama mtu mzima wa kambini Dadaab anayeuza majani ya chai na sukari. Hakuwahi kutupia wimbo. Alisikiliza tu, na mara mojamoja akatuma sauti yake: "Hiyo nzuri." Safari hii alituma maneno marefu zaidi.

"Fundi, kaseti yangu inakuja kwa dereva. Mimi sina redio ya kuicheza, miaka mingi sasa. Niwekee kwa simu, mwanangu."

Niliicheza asubuhi ya Ijumaa huku nikitia zipu kwenye gauni la harusi. Mwanamke aliimba, kinanda cha nyuzi chini yake, na makofi. Katika ubeti wa pili wimbo ukakatika, mwanamume akaanza kuongea. Aliongea kama dakika tatu. Kisomali changu ni cha sokoni: salamu, hesabu mpaka bei ya mbuzi, na matusi ya kutosha kujitetea. Nilisikia kwa sikio moja, la pili likiwa kwenye zipu. Kisha wimbo ukarudi.

Nilijua ni barua. Nisiseme sikujua. Nilidhani ni barua ya mtu mwingine, mabaki tu, kama zile zote nilizokuwa nimezitupa. Nikamkata yule mwanamume, nikaunganisha ubeti na ubeti, na kwa sababu simu yangu ilikuwa imejaa nikafuta rekodi ya kwanza. Nikarudisha kaseti nyuma ili niifunge tena kwenye leso yake. Utepe ulikuwa umekauka. Deki ikautafuna pale pale katikati mpaka ukakatika, ukatoka umekunjamana kama utumbo wa kuku.

Nikajiambia si neno, wimbo ninao.

Alasiri nikautupia kundini. Mwalimu alituma sauti akihema kwa furaha, akasema huu sasa ndio wimbo, themanini wote wakae chini. Eeddo hakusema kitu mpaka Jumapili.

"Wimbo nimesikia," alisema. "Mwanaume iko wapi?"

Fundi wa redio alikuwa wa kwanza kuruka. "Haya jamani, eeddo anatafuta mwanamume kundini! Mwalimu, wewe si mjane? Panga mstari!"

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika kutoka Bura hadi Banissa. Nami niliweka vyangu vitano. Sauti yake ya pili ikaja katikati ya vile vicheko, fupi, bila hasira.

"Ile naongea katikati ya wimbo. Hiyo ni mume yangu."

Fundi wa redio akafuta mzaha wake, lakini kila mtu alikuwa ameshausikia. Kisha akavuka veranda inayotenganisha maduka yetu akasimama mlangoni pangu.

"Niambie unayo mahali."

Nikamwonyesha utepe.

"War, bwana, wewe ni mtu au panya?"

Alikaa nao siku mbili, na kioo cha kukuzia, rangi ya kucha ya mkewe na gundi ya karatasi. Aliunyoosha juu ya chupa ya maji moto, akaunga palipokatika, akaurudisha kwenye ganda. Tulipoucheza wimbo ulitoka mzuri kabisa, na pale katikati, mahali pa yule mwanamume, palitoka mkwaruzo, kama mtu anayetembea juu ya maganda ya njugu. Tulisikiliza ule mkwaruzo mara nyingi kuliko wimbo wowote wa muongo wowote. Hapakuwa na neno.

"Nenda mwenyewe," akaniambia. "Hili si la kutuma kwa simu."

Nilikwenda Jumatano. Njia nzima nilijaribu kuhesabu sauti nilizokwisha kukata, za watu ambao kaseti zao nilizirudisha safi na wakanishukuru, labda kwa sababu hawakujua kilichokuwamo, au walijua na wakaona haya kuuliza. Sikuweza kuhesabu. Siku hizi huku nyumbani mimi husema nimekata salamu nyingi kuliko vitambaa, na watu hucheka.

Eeddo alinikaribisha kwenye mkeka mbele ya chumba chake cha mabati na miti, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia. Niliweka kaseti mbele yake, nikamwambia yote, zipu, mkasi, simu iliyojaa, meno ya deki. Aliichukua akaigeuzageuza.

"Unajua kwa nini hii iko kwangu?" akauliza. "Haikufaa kuwa kwangu. Ilifaa kurudi kwake."

Akanieleza. Alikuja kambini na watoto, mume akabaki ng'ambo ya mpaka na ngamia, awafuate baadaye. Akatuma kaseti. Msafiri aliyeileta alingoja siku mbili ili arudi na jibu.

"Nilishika redio ya jirani. Kidole iko kwa kile kitufe chekundu. Nikasema, nikibonyeza nitamfuta. Nikaachilia. Jirani wananiambia, jibu, mtu anaondoka! Nikasema nitatafuta kaseti ingine."

"Ulipata?"

"Kaseti nilipata. Msafiri ndio sikupata tena." Akanywa chai. "Mwaka ule mwingine wakaniambia amekufa. Basi amekufa anajua mimi sikumjibu. Lakini nikasema, sauti iko."

Nilimwambia naomba msamaha. Akasema ameshasamehe, kama anavyomwambia mteja kwamba sukari imekwisha.

"Maneno ninayo yote," akasema. "Nilisikia mpaka redio ya jirani ikafa. Naweza kukuambia kutoka mwanzo hadi mwisho. Sauti ndio imenitoka kichwani. Wewe umeisikia juzi tu. Niambie ilikuwa vipi. Na usitie chumvi, fundi. Nakujua kutoka kwa simu."

Nikafumba macho. Katika maisha yangu nimesimulia fisi mkubwa kama punda na mvua iliyobeba kaburi, na sasa niliogopa kuongeza hata punje. Nikamwambia sauti yake haikuwa nzito. Kabla ya kila jina alisafisha koo. Aliongea polepole mwanzoni, baadaye haraka, kama mtu anayeogopa utepe uishe.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Endelea."

Nikamwambia alitaja roob, mvua, mara mbili. Halafu akasema saddex, tatu, na baada ya ile tatu akacheka kidogo.

Alinitazama.

"Watoto tatu," akasema. "Anauliza kama nimefika na watoto tatu. Hapo hakucheka, mwanangu. Hapo alilia."

Nilibaki na kikombe mkononi. Dakika tatu za yule mtu zilibaki kwenye sikio langu peke yake, na hata nilichobaki nacho nilikuwa nimekisikia kombo.

"Fanya," akasema.

"Nifanye nini, eeddo?"

"Vile alifanya. Ile sauti."

Nilitazama nje. Jirani yake alikuwa anaanika nguo, mbuzi wawili wamelala kwenye kivuli cha tangi la maji. Nikasafisha koo. Nikasema saddex, nikatoa ile sauti kama nilivyoikumbuka, pumzi mbili fupi puani na ya tatu iliyokwama.

Eeddo alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Hapana," akasema. "Tena."

Nikarudia. Jirani aliacha kuanika nguo akatutazama.

"Chini kidogo."

Nikarudia. Mara ya nne aliinua kiganja nikanyamaza, na kiganja kikabaki juu muda mrefu. Hakuniambia kama nimepata au nimekosa.