Gari Lililowashwa Kila Asubuhi

Watu walimwita Waya, maana tangu ujana mfuko wa shati lake haukukosa kipande cha waya. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari, na mgonjwa aliyemsumbua mwaka ule alikuwa gari la kaka yake mkubwa: gari refu lenye kitanda, jiko na sinki humohumo ndani. Kaka alilinunua alipostaafu udereva, azunguke na mkewe. Kuzunguka kwenyewe hakukufika mbali. Mapafu yakamwangusha, gari likaegeshwa kando ya nyumba chini ya mabati, na hamu ikabaki moja: alazwe kwenye kile kitanda, apelekwe kwao alikozaliwa, akamwone dada yao ambaye miguu ilishamkataa. Walikuwa wakingoja homa ishuke.

Lakini betri haikukaa na chaji. Waya aliichaji, baada ya wiki imekufa. Akafungua waya wa hasi, akaweka mita ya umeme katikati aone kinachonyonya, akachomoa fyuzi mojamoja. Ya redio ilipotoka, mita ikashuka; akaiacha nje.

"Nimemkamata mwizi," akamwambia mke wa kaka yake.

Wiki iliyofuata betri ikafa tena.

"Mwizi wako ana ndugu, shemeji," mama yule akasema.

Siku moja Waya alipita mapema, akasikia gari likiwashwa, likanguruma kidogo, likazimwa. Shemeji yake akashuka, funguo mkononi.

"Unafanya hivi kila siku?"

"Kila asubuhi. Kaka yako hamezi dawa mpaka alisikie. Akilisikia, anajua safari ipo."

Waya akakaa kwenye kingazi cha gari. "Kuwasha ndiko kunakoimaliza, shemeji. Unachota kwa ndoo, unarudisha kwa kijiko. Ungeniambia."

"Ungeuliza. Wewe uliziuliza nyaya tu."

Waya akaona ni kweli. Aliichaji betri ikajaa, akaufungua waya wa hasi na kuuacha nje, kitu chochote kisiinyonye, akafunga mlango. Kazi safi. Betri ikapona, mwenye gari akaanza kufa.

Kaka alielezwa, akaitikia kwa kichwa. Siku chache baadaye akauliza, "Mmeliuza?" Wakamfungulia dirisha alione. Akalitazama kama mtu anayeonyeshwa picha, akageukia ukutani. Dawa akawa anazitema.

"Rudisha ule waya," shemeji akasema.

"Na homa ikishuka tukakuta betri imekufa?"

"Homa haishuki. Unatunza betri ya safari ipi?"

Waya akatoka na spana, akafunga waya, akawasha. Gari likaitika papo hapo. Akaliacha likinguruma, akaingia chumbani, akapitisha mikono chini ya kaka yake. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani.

"Leo limenguruma sana," kaka akanong'ona.

"Tunakwenda kwa dada."

"Unaendesha wewe? Basi nitafika maiti."

Akacheka, kikohozi kikakikata kicheko.

Mji ulipobaki nyuma, Waya aliisikia pumzi ya kaka yake juu ya mlio wa injini, ikikwaruza. Kwenye mlima ikapotea. Akapunguza mwendo, akatafuta pa kuegesha.

"Usizime," shemeji akasema kutoka nyuma. "Endelea tu."

Akaendelea. Huko mbele dada yao alikuwa ameshaketishwa mlangoni, kwa kuwa walimpigia simu wakati wa kuondoka, kwamba wanamletea ndugu yake.