Koo la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Tulilima karanga pamoja, nje kidogo ya Kabambare, na akiniita kula hata majirani waliinua vichwa. Kwa hiyo koo lilipomuuma tulimcheka kidogo, tukasema limechoka. Mama mkubwa, dada wa mama yetu, alisema ni kimeo, kikatwe. Mdogo wangu alikataa. Alisukutua maji ya chumvi, akanywa vidonge vya dukani, na baada ya juma hivi akasema amepata nafuu.

Halafu akaanza kutetemeka juani. Nilimkuta ameketi kati ya matuta, amejifunika kitenge hadi kidevuni.

"Yaya," akaniita, kama wadogo wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao, "shingo inauma. Upande huu tu."

Nilimgusa chini ya sikio. Palikuwa pamevimba, pagumu. Kesho yake alishika mbavu, akashindwa kuvuta pumzi yote. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akaniambia, "Mumupeleke hospitali ya Kasongo. Leo."

Bwana wake alikuwa Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake haikupatikana. Tulipanda pikipiki, yeye katikati, kichwa amekilaza mgongoni mwa dereva. Penye matope tulishuka, nikambeba hadi pakavu. Hakulalamika hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha, maana hakuwa mtu wa kunyamaza.

Daktari wa Kasongo alinieleza taratibu. "Ugonjwa ulitoka kwenye koo, ukaingia ndani ya mshipa wa shingo. Damu imeganda pale pamoja na usaha. Vipande vinakatika, vinafika kwenye mapafu."

"Koo iko inaua mutu, daktari?"

"Si mara nyingi. Lakini inaweza."

Walimtundikia dawa. Homa ilishuka, akaniuliza kama karanga zimeng'olewa. Nikamwambia bado, zinamngoja, na nikaamini tutarudi pamoja. Kisha pumzi ikawa fupi, midomo ikabadilika rangi. Walimwekea oksijeni, haikumtosha. Asubuhi, nikiwa nimemshika mkono, alikata roho.

Bwana wake alifika tukiwa tumeshazika. Aliketi karibu nami bila kuvua viatu vyake vya machimboni.

"Shemeji, mutu gani anakufa na koo?"

Nilirudia maneno ya daktari: mshipa, damu, mapafu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Sasa uniambie, alikula kwa nani?"

Mama mkubwa ndiye aliyekuwa akitupikia siku zile za ugonjwa. Alikuwa hapo nyuma yetu, anapakua sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mwiko ukasimama mkononi mwake.

Siku hizi mama mkubwa hapelekei mtu chakula. Akija kwangu huketi mlangoni, hunywa maji aliyokuja nayo.