Kitambaa Nilichoivalisha Kompyuta

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi hata majina ya wajukuu yananitoka. Nilikuwa kijana wa Mlandege, pale Iringa, ndevu ndiyo kwanza zinabisha hodi. Baba mkubwa alikuwa na mianzi nyuma ya nyumba, anagema ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, hata mtoto anaonjeshwa. Ukifika jioni unaanza kusema wenyewe. Basi msimu ule nilikuwa naamka kabla ya baba mkubwa, naingia kwenye mianzi na baridi ile, naonja huku, naonja kule, kisha narudi kulala kama mtu mwema.

Asubuhi moja baba mkubwa akamkuta mdogo wangu Festo pale pale kwenye mianzi, amefuata mbuzi. Hakumuuliza. Alivunja fimbo akamchapa, na mimi nimesimama mlangoni nasugua meno kwa kijiti, natazama. Festo hakunitaja. Mimi nami sikujitaja. Jioni tukala ugali sahani moja.

Nilijifunza kitu kibaya siku ile: kwamba ukinyamaza, jambo linapita. Na kweli lilipita. Lisingepita, ningepona mapema.

Festo alikuja kupata kazi ya reli Mbeya, akaoa Mnyakyusa, akanenepa. Ndiye aliyeniandikia kwamba Chimala kuna ardhi ya mpunga, njoo uache kuhangaika. Nikaja na mke wangu, sufuria mbili na koti kubwa la Iringa ambalo huku kwenye joto halina kazi. Nimekaa hadi leo. Watoto wangu Kisangu wanakijua kuliko Kihehe, lakini hiyo ni habari nyingine, na mama yao akiisikia anaanza kulalamika.

Mpunga wetu unategemea maji ya mfereji. Maji hayatoshi wote kwa mara moja, kwa hiyo tunakwenda kwa zamu: leo huyu anafungulia majaruba yake, kesho yule. Zamu zikichanganyika, majembe yanainuliwa, na si ya kulimia. Miaka mingi zamu hizo nilizishika mimi kwenye daftari, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu. Wakaja wafadhili wakatupa kompyuta. Chama chetu cha wakulima kikamwajiri Salome, mama wa mtoto mmoja, anajua kuchapa bila kuangalia vidole. Daftari likastaafu. Mimi nikabaki na funguo za ofisi, kufagia na kufuta vumbi.

Sasa vumbi la Chimala unalijua? Na jirani yetu ni mashine ya kukoboa mpunga, pumba zinaruka siku nzima. Niliihurumia ile kompyuta. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, makochi yana vyake. Nikamwambia mke wangu, akafuma kwa uzi mweupe kitambaa kikubwa chenye maua, akakitia wanga kikasimama. Nikalivalisha lile sanduku la chini ya meza, lenyewe ndilo lenye akili ya kompyuta, nikakichomekea kitambaa hadi nyuma, vumbi lisipate hata tundu la sindano. Salome akasema, "Babu, imependeza kama bi harusi." Nikafurahi.

Bi harusi akaanza kuugua. Anawaka, ananguruma, anajizima. Mimi nikiwa peke yangu asubuhi nachomoa waya, nachomeka. Anawaka tena. Nikajiona fundi. Nimefanya hivyo siku tisa, mwanangu, na sikumwambia mtu, kwa sababu sikutumwa kugusa. Siku ya kumi haukuwaka kabisa huo mtambo.

Na ilikuwa wiki ya kupandikiza! Vitalu viko tayari, miche inataka maji, na zamu zote zimo ndani ya sanduku lililokufa. Watu wakajaa ofisini. Aliyepiga kelele zaidi ni Baba Tumaini, ambaye majaruba yake yako mwisho wa mfereji.

"Huyu binti anaingiza filamu za Kikorea humo na flashi yake! Ameleta virusi!"

"Sijaweka filamu yoyote, baba," Salome akasema.

"Sasa imekufa kwa malaria?"

Watu wakacheka. Salome hakucheka. Mama Neema, mwenyekiti wetu, mwanamke wa haki lakini amechoka, akasema Ijumaa kamati itakaa, na ikionekana ni uzembe, Salome atoke, tutafute mwingine. Nikasimama pale na ufagio wangu. Wahenga wanasema penye wazee haliharibiki neno. Mzee nilikuwepo, mwanangu, na neno likaharibika nikiliangalia.

Usiku mke wangu akaniuliza mbona huli. Nikasema tumbo.

Mama Neema alikuwa anamfahamu mtu Mbeya, anaitwa Jayesh, wa ukoo wa Wahindi wenye duka la bati na misumari toka enzi za babu yao. Yeye duka hakulitaka. Kazi yake ni kutunza kompyuta zote za ofisi moja kubwa ya mjini. Akakubali kuja Ijumaa, kabla kamati haijakaa. Siku hiyo nilifungua ofisi mapema kuliko siku zote, nikavua kile kitambaa, nikakikunja, nikakificha ndani ya koti. Ndiyo, lile koti la Iringa. Nikalivaa kwenye jua la Chimala.

Jayesh akafika na kibegi kidogo tu. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akamtupia Mama Neema Kinyakyusa kilichonyooka mpaka Baba Tumaini akaguna. Akaketi. Hakugusa kitu.

"Kabla haijazima, ilikuwa inafanyaje?" akauliza. "Na nani aliigusa mwisho?"

"Hakuna aliyegusa," tukaitikia kama kwaya.

Akacheka peke yake. "Ofisi zote nilizoingia hakuna aliyegusa. Kompyuta za nchi hii zinajiharibu zenyewe."

"Ni virusi," Baba Tumaini akasema.

"Mzee wangu, kila kitu kwenu virusi. Feni ikilia, virusi. Umeme ukikatika, virusi. Virusi wenyewe wangekuwa na kazi nyingi hivyo wangeomba likizo." Akainama kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta. "Hii nini?"

"Neno la siri," Salome akasema kwa sauti ndogo.

"Dada, hili sasa ni tangazo. Libandue. Na hizo zamu za maji mmezinakili wapi kwingine?"

Tukatazamana.

"Kitu kilichopo mahali pamoja tu, hesabuni hakipo." Kisha akanigeukia. "Mzee, joto lote hili na koti?"

"Homa kidogo, mwanangu."

"Pole sana."

Akalitoa sanduku chini ya meza, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Ubavuni mwa lile sanduku vumbi lilikuwa limeganda kwa maua. Lilikuwa limepenya kwenye matundu ya kitambaa tu, likachora kila ua na kila jani kama mke wangu alivyolifuma. Jayesh akalitazama muda mrefu. Akafungua skrubu, akatoa feni: imezibwa na pumba na nyuzi nyeupe, kama kiota cha ndege.

"Nani anaivalisha hii mashine?" akauliza taratibu.

Salome alikuwa anajua. Nikamwona anaangalia sakafu. Mama Neema akamwambia, "Salome, sema." Akazidi kuinama, machozi yanadondoka kwenye vidole vyake, na jina langu halikumtoka.

Nikafungua koti.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeivalisha mimi, na nimechomoa waya siku tisa mimi. Huyu mtoto hana kosa."

Baba Tumaini akaanza kucheka, "Kumbe homa yenyewe imefumwa!" Jayesh hakucheka. Alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto, akakiweka juu ya meza.

"Mzee wangu, kitambaa ni heshima, ninaelewa. Hata nyumbani kwa mama yangu vimejaa. Ila mashine hii inapumua kwa huku nyuma, ukiiziba inapata moto, ikipata moto inajizima ili isife. Ilikuwa inawaambia. Ungesema siku ya kwanza, mwenyekiti angenipigia simu, ningewaelekeza, mngemaliza kwa brashi." Akamtazama Salome. "Haya, vumbi nitalipuliza, itaamka. Huyu dada mngempuliza na nini?"

Swali hilo natembea nalo mpaka leo.

Akafanya kazi yake bila haraka. Brashi, pampu ya kupulizia, akapaka ndani dawa nyeupe mfano wa dawa ya meno, akafunga. Akambonyezesha Salome mwenyewe. Ikanguruma kidogo tu, ikawaka. Zamu zote zimo, jina kwa jina, hata la Baba Tumaini. Nilishusha pumzi, mwanangu. Nikavua koti nikakaa chini kwenye sakafu niliyoifagia mwenyewe. Mama Neema alimshika Salome mkono akamwomba radhi mbele ya wote. Kamati haikukaa.

Baadaye nikamuuliza Salome kwa nini hakunitaja. Akashangaa. "Babu, ningekusemaje? Kitambaa alifuma bibi."

Kwa hiyo nakwambia hivi, wewe unayekaa mbele ya hizi mashine kila siku. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mashine nayo ni hivyo hivyo. Ikikataa kuwaka, usianze kutafuta mchawi wala virusi. Anza na mkono wako mwenyewe. Sema ulibonyeza nini, ulichomoa nini, ulimwaga chai wapi. Fundi hatakula nyama yako. Kosa moja haliachi mke. Izime, iwashe, ikirudia mara ya pili sema. Iache ipumue. Unachokipenda kinakili mahali pawili: sisi sasa zamu ziko kwenye flashi, na ziko tena kwenye daftari langu, limerudishwa kazini. Na ukiona mwenzako anasimamishwa kwa kosa lako, usingoje mtu apekue koti lako. Utamu wa kunyamaza ni wa asubuhi tu.

Jayesh tulimwandalia wali na kuku. Akanawa mikono mferejini, akasema anawahi, akaning'iniza kibegi begani akaelekea barabara kuu bila kugeuka nyuma. Hajarudi tena Chimala. Kila mvua zikianza Mama Neema anauliza tumwite aje kutusalimia, na kila mara tunakuta hatuna ugonjwa wa kumwitia.

Mungu akujalie, mwanangu, ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi," na mbele yako awaweke watu wa kukusikia bila kukucheka.