Nilimwambia Mama Barabara ya Beni Haipitiki

Acha niseme haraka kabla sijaanza kujionea huruma: nilimdanganya mama yangu mzazi. Sikumdanganya kwa shida wala kwa njaa. Nilimdanganya kwa sababu ya likizo ya Noeli, kwa sababu ya picha, kwa sababu nilikuwa nimechoka kwenda kwake!

Jina langu sitalitaja, na hata ningelitaja lisingekusaidia kitu. Huku kwetu Butembo tunapewa majina kwa zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiliita langu sokoni wanawake kumi watageuka. Mimi ni mmoja wao. Nashona nguo, nina kibanda changu mtaani Bulengera, nina mume na watoto watatu. Watu wananiona mtu mzuri tu. Basi sikiliza.

Mama anaishi Mavivi, nje kidogo ya Beni, karibu na uwanja wa ndege. Kutoka kwetu ni kama saa mbili kwa gari, barabara ikiwa shwari. Ni mjane. Ndugu zangu wawili wako mbali, Goma na Bunia, na njia za kuwafikisha kwake ni ngumu kweli kweli. Aliye karibu ni mimi.

Kila Desemba tulikuwa kwake, na kila Desemba ilikuwa ileile. Misa, nyama ya mbuzi, sombe, yaani kisamvu, halafu watoto wanakwenda nyuma ya nyumba kutazama ndege zikishuka. Kisha kila mjukuu anachagua kobayi wake, wale wanyama wadogo wenye manyoya ambao mama anawafuga jikoni. Miaka tisa kobayi! Miaka tisa ndege! Nilikuwa naweza kuisimulia likizo yetu kabla hatujafunga mizigo.

Sasa akaja mteja mmoja kupimwa gauni. Alikuwa ametoka Kyavinyonge, kule ziwani. Huku namzungushia futi kiunoni, yeye ananionyesha simu: mitumbwi, wavuvi, kiboko amesimama katikati ya njia kama mwenye kijiji, tilapia imezidi sahani mkia na kichwa.

"Weye haujafikaka Kyavinyonge?" akaniuliza. "Na uko mutu ya hapa?"

Niliona haya, utafikiri nimekamatwa na kitu cha watu. Miaka yote hiyo na sijaona hata ziwa letu! Watoto wangu wataniambia nini wakikua, kwamba niliwaonyesha kobayi?

Jioni hiyo nikawatangazia mezani. "Noeli hii tunaenda ku ziwa. Safari ya kukumbuka maisha yote!"

Mkubwa akapiga makofi. Mdogo akauliza kama kiboko anauma. Binti yangu wa kati akaacha kijiko. "Na Koko?" akasema. Ndivyo wanavyomwita bibi yao.

Mume wangu ni mtumishi wa serikali, mtu wa Kisangani, ofisi ndiyo iliyomleta huku. Si mtu wa maneno mengi. "Mama yako anatungojea," akasema. "Miye wangu iko Kisangani, miaka sita sijamuona na macho. Wako ni masaa mbili tu. Lakini weye unachezea bahati."

"Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Nitaona!"

Kama wewe si wa huku, lazima nikueleze kitu kimoja, la sivyo hutaelewa uzito wa dhambi yangu. Huku kwetu barabara ni sababu isiyoulizwa. Ukikosa harusi, ukikosa matanga, ukikosa ubatizo wa mtoto wa dada yako, sema tu kwamba barabara haikuwa nzuri. Watu watanyamaza, watainamisha kichwa. Kwa nini? Kwa sababu wapo walioondoka asubuhi kwenye barabara hizi, wakakutana na wenye silaha wa msituni, na hawakufika. Kila ukoo una wake, hata wetu. Hakuna anayefanya mchezo na maneno hayo.

Mimi niliyafanyia mchezo.

Asubuhi moja vijana wa pikipiki pale kona walikuwa wakipakia watu wa Beni, wakienda na kurudi, wakitaniana. Niliwaona kwa macho yangu. Nikaingia kibandani, nikafunga mlango, nikampigia mama.

"Mama, Noeli hii hatutakuya. Barabara hapana muzuri. Banasema kule katikati iko hatari, magari inarudilia mu njia."

Nikasikia kuku wake upande wa pili.

"Eee Nyamuhanga!" akamwita Mungu kwa Kinande chetu. "Wasingya, mwanangu. Asante ya kuniambia. Usikanyage ile barabara. Unanisikia? Hata miye mwenyewe nikikuita, usikuye. Batoto kwanza."

"Sawa, mama."

"Uniapie."

Nikaapa! Halafu nikakata simu nikacheka kidogo. Ndiyo, nilicheka, nisikufiche. Nilijisikia mwepesi, kazi imekwisha, tena na shukrani juu yake.

Subiri, kuna jingine la kuniaibisha zaidi. Kila mwaka ninashonea familia nzima sare ya kitenge, na ya mama imo. Nikamtumia gauni lake kwa dereva wa teksi. Kwa barabara ipi? Ileile! Barabara niliyosema haipitiki! Nilikumbuka gari likiwa limeshaondoka. Nikasema sasa ataniuliza.

Hakuniuliza. Alinipigia akafurahia gauni, akasema amemsalia rozari dereva yule kwa kuhatarisha maisha yake ili mwanamke mzee apate nguo ya Noeli. Dereva yule kumbe alikuwa amefika anapiga mluzi. Mama hakunishuku hata dakika moja.

Tukaenda ziwani. Tulipanda hadi Kyondo, juu milimani, tukateremka upande wa ziwa, watoto wakatapika kwa zamu. Nisiseme uongo wa pili: ziwa ni zuri. Asubuhi maji yanatulia, mitumbwi inarudi na samaki, akina mama wanapiga kelele za bei kabla hata haijagusa ufuko. Tulikula tilapia mpaka vidole vikanuka siku mbili. Kiboko tulimwona. Tukavaa sare zetu, tukapiga picha zaidi ya mia. Katika zote binti yangu wa kati anatazama pembeni.

Mtandao ulikuwa unakuja na kutoweka. Nikafurahi! Nikasema vizuri, nipumzike na mashine, nipumzike na wateja, nipumzike na kila mtu.

Siku ya pili baada ya Noeli tukapanda kurudi. Tulipofika Kyondo simu ikaanza kulia mfululizo kwenye mkoba, ujumbe juu ya ujumbe. Namba ilikuwa moja, ya Mama Kavira, jirani wa mama. Nikampigia palepale, gari linatembea.

"Mama yako alianguka siku ya Noeli, akitoka misa," akaniambia. "Iko ku hopitali, Beni. Upande moja ya mwili imekufa. Kusema, hapana kusema tena."

Nikapiga kelele mpaka dereva akasimamisha gari.

"Alianza kuugua lini?"

"Siku mbili mbele ya Noeli. Kichwa inamuuma, mukono inakuwa zito, kikombe inaanguka."

"Na juu ya nini haukuniita?"

Mama Kavira akaanza kulia. "Nilikamata simu, akaninyanganya! Akasema, 'Usimuite. Ukimuita atapanda leo-leo, na barabara ni mubaya, atakufa kwa ajili yangu. Miye niko muzee. Tungoje njia ifunguke.' Nikamwambia twende ku hopitali, akakatala, sababu ku hopitali bataita batoto yake. Mara tatu nilimuomba. Basi tulikuwa tunangoja barabara, mama. Tulikuwa tunangoja tu."

Wewe unayesoma, umesikia? Walikuwa wakingoja ifunguke barabara niliyoifunga mimi kwa mdomo wangu! Mume wangu alisikia yote. Hakunilaumu. Alitazama nje ya dirisha mpaka tulipofika Butembo.

Kesho yake alfajiri nikashika njia ya Beni. Nilikuwa naomba, nisamehe Mungu, nilikuwa naomba tukute jambo. Askari waturudishe, au hata mti ulioanguka tu. Lolote, ili neno langu liwe na ukweli hata kidogo! Hakukuwa na kitu. Wanaume walisukuma baiskeli zao za mkaa, watoto walitupungia mikono, wanawake walitandika nanasi kando ya njia. Kwenye kizuizi askari mmoja akachungulia ndani akacheka.

"Pita, mama. Barabara iko bien kabisa, ni wiki mingi sasa. Bonne fête, sikukuu njema!"

Safari ilichukua saa moja na dakika hamsini. Nilihesabu.

Daktari alikuwa mpole. Alisema tu kwamba kama mama angeletwa siku ya kwanza, mkono ulipoanza kuwa mzito, wangejaribu mambo mengine. Sikumuuliza ni mambo gani.

Mama alikuwa amelala, na gauni la kitenge nililomshonea limekunjwa kando ya mto. Nikamwita. Akafungua macho, akanitambua. Nilitegemea atafurahi, au atalia. Aliogopa! Nakuapia, macho yalimtoka kwa hofu. Akainua mkono wake mmoja uliobaki mzima, akanionyesha mlango, akatoa sauti isiyo na neno ndani yake. Muuguzi akadhani anataka maji. Mimi nilijua anachotaka. Alikuwa ananiuliza nimepita wapi. Alikuwa ananifukuza nirudi kwa watoto wangu kabla njia haijaharibika.

Mchana nikaenda nyumbani kwake Mavivi kuchukua nguo. Jikoni nikawakuta kobayi watatu wametengwa kwenye boksi, kila mmoja amefungwa utepe shingoni. Zile tepe nilizijua. Ni vipande vya vitambaa ninavyomtumia kutoka kibandani kwangu. Mama Kavira akasema mama aliwachagua mwenyewe baada ya simu yangu, mmoja kwa kila mjukuu, wakae wanangoja. Nikaketi chini pale kwenye majivu na gauni zuri la Noeli mwilini.

Sasa yuko nyumbani. Mama Kavira na binamu yangu mmoja wanamtunza, na mimi naenda kila Jumamosi. Hatembei. Hasemi. Daktari anasema hakuna anayeweza kujua ni kiasi gani anaelewa.

Mume wangu aliniambia, "Umwambie wakati angali anasikia." Nikamwambia. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake, nikasema yote. "Mama, barabara ilikuwaka muzuri. Nilikudanganya. Tulienda ku ziwa, miye na batoto. Unisamehe." Nilimwonyesha na picha kwenye simu, ili asidhani natania. Akazitazama kwa muda mrefu. Akagusa uso wa mtoto mmoja kwa kidole, halafu wa pili, halafu wa tatu. Nusu ya mdomo wake ikacheka.

Je, alinielewa? Alinisamehe, au aliona tu wajukuu wake wamependeza? Sijui! Sitajua kamwe! Nimebaki na msamaha ambao sijui kama nimeupata, na siwezi kumuuliza tena, kwa maana hata akijibu sitasikia neno.

Na nyumbani kwangu usiulize. Mwezi uliopita barabara iliharibika kweli, magari yalirudi, hakuna aliyepita siku nne. Nikawaambia watoto kwamba Jumamosi hiyo siendi kwa Koko, njia ni mbaya. Binti yangu wa kati akanitazama usoni.

"Ni ya kweli, mama," akauliza, "ao ni ya Noeli?"

Hakuwa anafanya ufidhuli. Alitaka kujua tu. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Basi wewe unayepanga likizo hii, unayetafuta mahali ambapo watoto hawatapasahau, nenda! Ziwa lipo, milima ipo, sikukatazi. Lakini kama kuna mtu anayekungoja mahali ambapo umeshapachoka, mwambie ukweli. Mwambie, "Mama, mwaka huu nataka kwenda kwingine." Atanuna siku mbili, atamlalamikia jirani, yatakwisha. Usimpe sababu ambayo watu wengine wameilipia kwa damu. Mama yako atakuamini, naye atafanya kama ulivyomwambia mpaka mwisho. Nakusihi, nikiwa mtu ambaye hana tena la kufanya.

Sisi tuliipata safari ya kukumbuka maisha yote. Picha bado zimo kwenye simu, siwezi kuzitazama na siwezi kuzifuta.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwake. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamchana nywele, tukasikiliza ndege moja ikishuka. Ilipofika saa nane hivi alianza kuhangaika kama kawaida yake, anatazama dirishani jua lilipofika, nisije nikakutwa na giza njiani. Nikamshika ule mkono mzima, nikainama sikioni kwake, nikasema polepole, "Mama, barabara iko muzuri. Ilikuwaka muzuri."

Akanibana vidole kwa nguvu. Kisha akauchomoa mkono wake, akanionyesha mlango.